Masurufu ya Watoto Wadogo Safarini

Twaanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, anayewaruzuku viumbe vyake vya bara na vya bahari, nasi twamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wasomaji, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidharau kwa udogo wake, nalo ni chakula cha mtoto mdogo awapo safarini. Huenda mtu akasema, "Maalim amekosa la kuandika, hata akatuandikia habari za ndizi na maandazi." Sisi twasema kwamba dini yetu haikuacha dogo wala kubwa. Imetufundisha adabu ya kuingia chooni na adabu ya kutoka. Basi itanyamazaje juu ya tumbo la mtoto wa miaka miwili, aliyeamshwa alfajiri akapakiwa ndani ya basi, akaambiwa asubiri mpaka jioni? Tena jambo hili lina hatari ndani yake. Mtoto mdogo hudhoofika upesi kuliko mtu mzima, na safari iliyoanza kwa furaha ya kwenda kuwaona bibi na babu yaweza kuishia hospitali.

Sisi tunaokaa Moshi na katika vijiji vya mlimani ni watu wa safari. Tuna jamaa zetu Tanga, tuna watoto wetu Dar es Salaam, na mwezi wa Desemba unapoingia watu wa Kilimanjaro walioko mbali, Waislamu na Wakristo, hurejea nyumbani kwa maelfu, na mabasi hujaa hata mtu akakosa pa kuweka mguu. Njia yetu ya kushukia pwani ni ile ile: Himo, Mwanga, Same, Mombo, Korogwe, Segera. Kwenda Tanga ni zaidi ya kilomita 300, na kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Na si jambo jipya. Katika karne ya 19 misafara ya watu wa pwani iliyokuja huku mlimani ilikuwa ikipumzika Taveta, na hapo ndipo walipokuwa wakinunua vyakula vya kuendelea na safari yao. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Treni za abiria zikaja zikakatika kwa miaka mingi, kisha mwaka 2019 zikarejea baina ya Dar es Salaam na Moshi. Miguu imepita, reli imekuja, mabasi yamekuja. Ila swali la msafiri halikubadilika: tutakula nini njiani?

Kuna ndugu zetu ambao ukiwauliza swali hilo hujibu kwa jibu la haraka, "Mungu atatoa." Neno hili ni zuri, wala hatuna haki ya kulikataa, lakini mara nyingi husemwa pasipo mahali pake. Wanavyuoni wametueleza sababu ya kuteremka aya ya 197 katika Sura ya Al-Baqara. Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba walikuwako watu wa Yemen waliokuwa wakienda kuhiji bila ya kuchukua chakula, wakijiita watu wa kumtegemea Mungu, na walipofika Makka wakawa wanawaomba watu. Ndipo Mwenyezi Mungu akawaamrisha waja wake wachukue masurufu, na akawafahamisha kwamba masurufu yaliyo bora ni kumcha Yeye. Basi tazameni, ndugu zetu: ucha Mungu umetajwa pamoja na kikapu, haukutajwa ili kikapu kiachwe nyumbani. Na ikiwa mtu mzima, mwenye akili na subira, ameamrishwa achukue chakula chake, itakuwaje kwa mtoto ambaye hajui maana ya subira, wala hajui kilomita, wala hajui kwamba Mombo ipo mbele?

Mtume Musa (a.s.) alikuwa mtu mwenye nguvu na azma kubwa. Hata hivyo Sura ya Al-Kahf yatuhadithia kwamba alipokuwa safarini na kijana wake alimwambia alete chakula chao cha mchana, kwani safari ile ilikuwa imewachosha. Akiwa Mtume wa Mungu alichoka, akaona njaa, akaitaka chakula chake, basi mtoto wa mwaka na nusu akilia kwa njaa tusimwite mkaidi, wala tusimwambie mama yake kwamba amemdekeza.

Tena yuko bibi yetu Hajar. Nabii Ibrahim (a.s.) alipoamrishwa kumweka yeye na mwanawe mchanga Ismail katika bonde la Makka, pahali pasipokuwa na mtu wala maji, hakuwaacha mikono mitupu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba aliwawekea mfuko wa tende na kiriba cha maji. Ibrahim alikuwa akitekeleza amri ya Mola wake, na Hajar alikuwa na yakini kwamba Mola hatawapoteza. Na juu ya hayo yote tende ziliwekwa na maji yakawekwa. Maji yalipokwisha, mtoto akawa anagaagaa kwa kiu, mama hakukaa akangoja. Alikwenda mbio baina ya Safa na Marwa mara 7. Na Zamzam ilipobubujika, jambo la kwanza alilolifanya ni kuizungushia udongo kwa mikono yake ili maji yasipotee, na kukijaza kiriba chake. Kila anayehiji leo hupita katika nyayo za mama yule aliyekuwa akimtafutia mtoto wake maji. Basi anayeona kwamba kufunga chakula cha mtoto ni kazi ya upuuzi, na aitafakari saayi.

Wala tusimsahau Asma binti Abu Bakr (r.a.). Mwaka 622, Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr walipokuwa wakijiandaa kuhama Makka, yeye ndiye aliyewatengenezea chakula cha njiani. Alipokosa kamba ya kufungia mfuko, aliupasua mshipi wake vipande viwili. Kwa kazi hiyo alipewa jina la heshima, mwenye mishipi miwili, na jina hilo latajwa mpaka leo. Mabibi wanaoamka saa tisa za usiku kukaanga maandazi ya safari na wajue kwamba kazi yao ina ukoo mtukufu.

Sasa twaeleza jambo tuliloliona kwa macho yetu. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 tulikuwa tukishuka Tanga pamoja na ahali yetu na wajukuu wetu wawili, mmoja wa miaka mitatu na wa pili wa mwaka na nusu. Tulipokwisha kuipita Same, katika ile nyika kavu yenye jua kali, basi letu likaharibika. Tukakaa pale tangu saa tano za asubuhi hata karibu na alasiri, abiria wakitafuta kivuli cha miti ya miiba na kivuli cha basi lenyewe. Karibu nasi walikuwako mume na mke vijana wenye mtoto wa kiume wa kiasi cha miaka miwili. Mtoto alikuwa amelia hata sauti imekauka. Tulipoulizana hali, yule baba alisema, "Shikamoo, Maalim. Sisi tulikusudia kula Mombo. Fedha tunazo mfukoni, lakini fedha hazitafuniki."

Kabla hatujazungumza nao alikuwa amepita kijana mwenye baiskeli na ndoo ya barafu za rangi, na mtoto alikuwa amekwisha kunyonya mbili au tatu kwa kiu aliyokuwa nayo. Ahali yetu akawapa ndizi na maji katika kikombe, na mtoto akala, akatulia, akalala. Lakini jioni, tukiwa tunaikaribia Korogwe, alianza kutapika na kuharisha, na macho yake yakaingia ndani. Wazazi wake walishuka wakampeleka hospitali. Baadaye walitupigia simu wakatuarifu kwamba alipewa maji ya chumvi na sukari yale ya dawa, na siku ya pili akapata nafuu, alhamdulillahi. Hatusemi kwa yakini kwamba ilikuwa ni ile barafu. Yawezekana ni jua, yawezekana ni maji mengine. Hatuwalaumu wazazi wale, kwani walikuwa wenye kumpenda mtoto wao. Twasema tu kwamba safari ya saa 6 yaweza kuwa ya saa 12, wala hakuna anayejua isipokuwa Mungu. Basi kikapu cha mtoto na kifungwe kwa hesabu ya safari iliyoharibika, si kwa hesabu ya safari iliyonyooka.

Kutokana na hayo twaona ni wajibu wetu kueleza namna ya kukifunga kikapu hicho. Mengi twayajua kwa kulea watoto na wajukuu, na mengine tumeyapata kwa waganga na wauguzi wanaotufundisha katika zahanati zetu.

Kwanza, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kula kilicho halali na kilicho kizuri, na maneno hayo mawili hayana maana moja. Andazi laweza kuwa halali kwa unga wake, mafuta yake na fedha iliyolinunua, lakini likikaa mpaka likaota ukungu si zuri tena. Watu wengi hujihimu kuulizia nyama ya njiani imechinjwa na nani, nao wafanya vyema; lakini hawaulizi imepikwa lini. Chakula kilichotoka nyumbani huondoa mashaka yote mawili, wala hakitulazimishi kuwatilia shaka wenzetu wa dini nyingine ambao twaishi nao kwa wema katika mitaa na vihamba vyetu.

Pili, sisi watu wa mlimani tuna jambo la kuliangalia zaidi ya wengine. Mtu aliyepika Marangu au Machame au Kibosho, kwenye baridi, hudhani chakula chake kitadumu njiani kama kinavyodumu jikoni kwake. Lakini basi hushuka kutoka kwenye ukungu likaingia katika joto la Mwanga na Same kwa muda mfupi, na kilichokuwa salama juu huchacha chini. Waganga watuambia kwamba chakula kibichibichi kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, na penye jua kali hata muda huo ni mrefu. Wahenga wamesema akiba haiozi. Sisi twaongeza kwamba akiba ya tumbo la mtoto huoza, na ikioza humla mlaji.

Kwa ajili hiyo mtori wetu, ambao ni chakula kitamu cha watoto na wazazi, mahali pake ni nyumbani. Mtoto na anyweshwe mtori wa moto kabla ya kutoka, ashibe kwa kiasi, wala usitiwe katika bakuli la safari. Kadhalika kiburu, na kila chenye maziwa au mchuzi. Uji wa ulezi waweza kuchukuliwa katika chupa ya chai iliyooshwa vyema na kusuuzwa kwa maji yanayochemka, lakini unywewe mapema ungali wa moto. Ukipoa umwagwe, usihifadhiwe kwa huruma. Maziwa ya vuguvugu yasikae chupani, kwani hapo ndipo wadudu wa maradhi hupenda kuzaliana. Na mtoto aliyekwisha kuanza kula ni afadhali anyweshwe kwa kikombe kuliko chupa ya kunyonyea, maana kikombe huosheka kwa urahisi.

Vyakula vya kikapu na vipangwe kwa saa. Vitakavyoliwa asubuhi ile ile ni viazi vitamu vya kuchemsha na mayai yaliyochemshwa yakakauka ute, tena yasimenywe mpaka wakati wa kula. Vya baadaye ni vile vikavu: maandazi yasiyo na mafuta mengi, chapati, mkate, na tende zilizotolewa kokwa na kukatwa vipande vidogo. Na vya wakati wote ni matunda ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameyafunga. Ndizi sukari haihitaji kisu wala sahani. Mkono wa mama hugusa ganda tu, na tunda huingia kinywani likiwa safi. Parachichi nalo lichukuliwe zima, lipasuliwe kwenye kiti na kulishwa kwa kijiko. Chungwa la Muheza ni zuri mno, ila linunuliwe na ganda lake tulimenye wenyewe, maana aliyelimenya barabarani hatujui mikono yake imetoka wapi. Mwenye kukaa penye migomba kama sisi hana haja ya kutumia fedha nyingi. Sokoni Mbuyuni vyote hivi hupatikana, na shambani hupatikana bure.

Vyombo navyo viangaliwe. Tangu mwezi wa Juni mwaka 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, na sisi twaona heri imo ndani yake, kwani kikapu cha ukili hupitisha hewa na chakula hakitoki jasho. Jani la mgomba likipitishwa juu ya moto hulainika na kuwa karatasi bora ya kufungia maandazi. Wazee wetu wa mlimani walilijua hilo kabla ya mifuko hiyo kuja.

Tatu, kuna vyakula ambavyo ni vizuri kwetu na ni hatari kwao. Karanga nzima, bisi, kashata na pipi ngumu asipewe mtoto ambaye hajafika miaka mitano, hasa ndani ya basi. Kwani basi likifunga breki kwa ghafula, punje moja ya karanga yaweza kuingia katika njia ya pumzi, na hapo hakuna mganga karibu. Asali nayo imetajwa katika Sura ya An-Nahl kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu, nasi twaiamini. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 waganga wamekataza asipewe, kwa kuwa huenda ikawa na mbegu za ugonjwa ambazo tumbo lake changa halijapata nguvu za kuzishinda. Kila dawa ina umri wake na kipimo chake. Soda na maji ya rangi humjaza mtoto hewa na sukari, kisha hutapika kwenye kona za kwanza. Na katika kona zetu za kushuka Rombo au Marangu mpaka Himo, mtoto alishwe kidogo kidogo. Tumbo lililojazwa pomoni halivumilii mlima.

Nne ni maji. Tumesikia wazazi wakisema, na pengine wakijisifu, kwamba huwanyima watoto maji ili wasiombe kushuka kujisaidia. Jambo hili si jema hata kidogo. Mtoto hukauka upesi katika joto la nyikani, na kumnyima maji kwa kuogopa usumbufu ni dhuluma, ijapokuwa aliyeifanya hakuikusudia. Chukueni maji ya aina mbili: ya kunywa, yaliyochemshwa yakapozwa, na ya kunawia na kutawadhia, pamoja na kipande cha sabuni. Chukueni na kopo lenye kifuniko, likae mbali na chakula, mtoto ajisaidie humo, nguo zake zisalimike na najisi na abiria wasalimike na harufu. Na katika mfuko wa kikapu tieni pakiti mbili za chumvi ya maji ya kuharisha, ambazo huuzwa katika maduka ya dawa kwa bei ndogo. Zikikosekana, maji safi lita 1 yatiwe vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, yakorogwe, mtoto anyweshwe kidogo kidogo. Lakini akishindwa kunywa, au akalegea na kusinzia isivyo kawaida, au macho yakaingia ndani, au ikaonekana damu katika choo chake, hapo safari imekwisha: shukeni penye hospitali ya kwanza. Nauli hulipwa tena, mtoto halipwi.

Tano, mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 masurufu yake ni maziwa ya mama peke yake, wala hahitaji uji wala maji. Basi kikapu chake ni mama yake, na kikapu hicho chapasa kujazwa. Mama anyonyeshaye apewe chakula cha kutosha na maji mengi, na apishwe mahali pa stara amnyonyeshe mwanawe. Mwezi wa Ramadhani ukifika, sheria imemruhusu msafiri wa masafa marefu kufungua, na mama anyonyeshaye anayemhofia mtoto wake amepewa ruhusa pia. Na juu ya kulipa na fidia amwulize mwanachuoni aliye karibu naye. Wako mabibi wanaoona haya kumlisha mtoto ndani ya basi mchana wa Ramadhani, wakimngojesha mpaka magharibi. Mtoto hana faradhi ya saumu, na njaa yake haimwongezei mama thawabu. Na alishwe bila ya kuona haya.

Na tangu mwaka 2023, mabasi yalipoanza tena kuruhusiwa kusafiri usiku, wengi wamependelea safari hizo kwa kuwa mtoto hulala na jua halipo. Ni kweli, lakini usiku maduka mengi ya njiani huwa yamefungwa, basi kikapu kisipunguzwe.

Sita, kikapu kisiwe cha watoto wetu peke yao. Mtume (s.a.w.) alimwusia Abu Dharr (r.a.) kwamba apikapo mchuzi auongeze maji, kisha awaangalie majirani zake. Aliyekaa kiti cha pili katika basi ni jirani yetu mpaka tushuke, na mtoto wake ana macho. Ni jambo zito watoto wawili wale, na wa tatu awatazame. Siku ile nyikani ahali yetu alipowapa ndizi mume na mke wale, hatukuwauliza dini yao. Mtoto mwenye njaa haulizwi dini. Tena twajua kwamba katika zama hizi wako waovu wanaowalevya wasafiri kwa vyakula vyenye dawa, hata watu wameusiwa wasipokee chakula cha wasiomjua. Na hofu hiyo ina haki yake. Basi mwombeni ruhusa mzazi kwanza, wala msimpe mtoto mkononi nyuma ya mgongo wa mama yake. Na akikataa, msione vibaya. Na sadaka iliyo bora hapo ni ndizi ambayo haijamenywa, kwa kuwa hakuna wa kuitilia shaka. Nyumba yetu ina kawaida ya kuongeza ndizi 6 juu ya hesabu ya watoto, na hatujapata kurudi nazo hata mara moja.

Safari ni madrasa pia. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Umar bin Abi Salama, naye ni mtoto mdogo, alipokuwa akila naye: ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kuume, na ale kilicho karibu naye. Somo hilo alilifundisha mbele ya sahani, na wakati mtoto ana hamu ya chakula. Basi nasi tulipofungua kikapu tusiwatupie watoto chakula kama watupiao kuku. Wanawe mikono, wataje jina la Mungu, wale, kisha maganda yarejee kikapuni, yasitupwe dirishani. Mtoto aliyezoezwa hayo ndani ya basi hatayaacha akiwa mkubwa.

Mwisho, tuna neno na akina baba wenzetu. Wengi wetu hukata tikiti, kisha hukaa barazani, na mama ndiye anayekesha na jiko na kulia moshi, na njiani mtoto akilia, baba humgeukia mama akamwuliza, "Hukuchukua kitu?" Swali hilo si la haki. Matumizi ya nyumba yamo juu ya mume kwa sheria, nyumbani na safarini, na chakula cha njiani ni katika matumizi hayo. Baba na anunue unga na sukari siku mbili kabla, achemshe maji ya kunywa usiku, akibebe kikapu mwenyewe mpaka kituoni, wala asikiweke juu ya buti pamoja na masanduku ambako hakitafikiwa, bali chini ya miguu yake. Akifanya hivyo, mama hupanda basi akiwa na nguvu za kumbeba mtoto, na safari huanza kwa uso mkunjufu.

Baada ya kikapu kufungwa, na mlango kufungwa, ndipo mikono iinuliwe. Na aseme mtu wakati huo kwamba Mungu atatoa, kwani amekwisha kutoa: ametoa ndizi, ametoa maji, ametoa akili ya kuvichukua. Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wote wa njia yetu, wanaopanda na wanaoshuka. Awarejeshe watoto wetu majumbani kwao wakiwa wazima na wameshiba. Na awajalie wazazi moyo wa kumtegemea Yeye, na mikono ya kutenda. Amin.

Wabillahi taufiki.